Manowari Isiyo na Ribiti

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila goti la wifi yako linamsumbua akipanda ngazi. Natumaini wewe, shemeji na mtoto hamjambo. Najua utaishika bahasha hii uigeuze pande zote kabla hujaifungua, maana tangu uondoke miaka sita iliyopita nimekuandikia mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa msiba.

Safari hii hakuna aliyekufa.

Jumanne iliyopita tumeshusha manowari ya nne majini. Ilipokwisha kutoka kwenye chelezo, pale jukwaani tunapoiundia, msimamizi mkuu alitukusanya wagonga ribiti wote, timu tisa, watu thelathini na sita, akapanda juu ya pipa akasema. Sikushika maneno yake yote, lakini kesho yake tangazo lilibandikwa ukutani. Jeshi la majini limeagiza manowari ya tano isiyo na ribiti hata moja. Mabamba yote yaunganishwe kwa moto wa umeme, kama mnavyofanya ninyi huko. Anayetaka kubaki ajifunze kuchomelea, afanye mtihani mwezi wa saba. Asiyeweza, ufagio upo na geti lipo.

Shemeji hajawahi kuelewa kazi yangu, kwa hiyo msomee hapa. Ribiti ni msumari mnene wa kuunganisha mabamba. Watu wanne wanaihudumia. Wa kwanza anaipasha kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, anairusha. Wa pili anaidaka kwa ndoo na kuichomeka tunduni. Wa tatu yuko ndani ya meli, anaikandamiza kwa chuma kizito isitoke. Wa nne ndiye mimi, naigonga kwa nje mpaka ichanue. Huyo wa ndani ni Tembo, unamkumbuka. Miaka ishirini na miwili tumefanya kazi pamoja, katikati yetu bamba moja.

Sasa niseme lililonileta. Nakumbuka nilichosema mezani siku ulipotuambia unakwenda kujifunza kuchomelea. Nilisema meli haibandikwi kama bahasha. Leo nakuja kwako na bahasha mkononi. Cheka, nimekupa ruhusa.

Niandikie jinsi ya kufanya, hatua kwa hatua. Usinipigie simu getini, pale pana kelele na mlinzi ni mbea. Andika.

Ni mimi,
Kaka yako

*

15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Pole ya goti kwa wifi. Huku hatujambo. Mtoto ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anatema mate kila akisema jina la shangazi.

Nimecheka kama ulivyoruhusu, kisha nikaketi. Shemeji yako ameisoma habari ya ribiti mara mbili akauliza kama kuna aliyewahi kukosa kuidaka. Nikamwambia yupo, ana kovu shingoni.

Haya. Kijiti cha kuchomelea kishike kama kalamu nene, usikikabe. Kiinamishe kidogo, ncha ielekee unakotoka. Nafasi kati ya ncha na bamba iwe kama unene wa kijiti chenyewe, basi. Ukianza, kiguse chuma kama unavyowasha kiberiti, usikigonge. Wewe nakujua, utakigonga.

Lakini hayo yote ni ya pili. La kwanza ni sikio. Moto ukiwa sawa unalia kama kitunguu kwenye mafuta yaliyochemka, mfululizo, bila kukatika. Ukisikia papapa, uko mbali. Ukisikia unanguruma chini kwa chini, umekaribia mno na kijiti kitaganda. Mwalimu wangu alikuwa akipita nyuma yetu amefumba macho, na bado alimjua anayeharibu. Sikiliza mlio, kaka. Mkono utafuata wenyewe.

Nimefurahi umeandika. Sikutegemea. Mengine ya zamani tuyaache yalipo.

Mdogo wako

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu kwenu nyote, na kwa kibogoyo.

Nilikigonga. Kikaganda. Nikakivuta, bamba zima likaja nalo mpaka miguuni. Mkufunzi wetu ni binti wa miaka ishirini na minne. Ananiita baba, halafu ananiambia kazi yangu ni takataka, kwa adabu kabisa. "Baba, hii ni takataka. Tuanze tena, baba."

Taabu yangu ni mkono. Nyundo ya ribiti inaendeshwa kwa upepo, inapigana nawe kutwa nzima, na bega linajifunza kupigana nayo. Sasa napewa kitu chepesi kama mwiko. Mkono unangoja kupigwa, haupigwi, unatetemeka.

Wiki iliyopita niliinua ngao ya uso mara mbili nione ninachofanya. Jioni macho yakawa kama yamemwagiwa mchanga. Wifi yako ameniwekea vitambaa vya maji baridi siku mbili, na maneno yake juu. Tembo naye vivyo hivyo. Tulikaa barazani kwake kama mahabusu wawili, vitambaa usoni, wake zetu wakitucheka.

Nipe mbinu za mkono.

Kaka yako

*

11 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na pole ya macho. Usiinue ngao tena! Nani alikuambia moto ule unatazamwa? Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na wewe tangu utotoni ni hivyo.

Mkono: egemeza kiwiko kwenye mbavu zako, mkono wa pili ushike kifundo cha ule wa kwanza. Pumua kwa pua. Usikimbie.

Ila barua yako imenishangaza jambo moja. Umeniandikia macho, mkono, bega, mkufunzi. Mlio hukuutaja. Ukichomelea unalia vipi? Niandikie unavyolia, nami nitakuambia kosa liko wapi. Tutakwenda haraka zaidi.

Mdogo wako

*

30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima.

Kiwiko kwenye mbavu kimesaidia. Mkufunzi jana alisema mshono wangu sasa unafanana na njia ya mdudu aliyetoka kwenye wino. Nadhani ilikuwa sifa.

Timu yangu imevunjika. Mpashaji amechukua ufagio. Mdakaji ameondoka, amekwenda kwa mkwewe kufuga kuku, na ndoo yake ameiacha imening'inia ukutani. Ni Tembo tu niliyebaki naye, naye anahangaika. Vidole vyake vinene, kijiti kinapotea ndani yake.

Wamejenga karakana mpya yenye paa. Humo meli inatengenezwa vipande vipande chini, kisha kreni inavibeba kwenda kuvipanga kwenye chelezo. Zamani tulisimamisha mbavu za meli kwanza, ukaiona meli ikikua kama mtoto. Sasa ni kama kuunga kabati.

Mlio ni mzuri tu.

Kaka yako

*

9 Mei

Kaka,

Shikamoo.

Nitauliza jambo, na usinijibu kwa habari ya kuku. Unasikia?

"Mlio ni mzuri tu." Hayo ni maneno ya mtu aliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi, kugonga ribiti kwa kijinyundo kidogo na kusikiliza kama imekaa au inacheza? Ulikuwa unaweza kunieleza sauti ya ribiti moja mpaka chakula kipoe.

Nimeanza kupanga mambo. Kwenye msiba wa mama nilikuuliza mazishi ni saa ngapi, ukajibu, "Nimeshakula." Nilidhani ni majonzi. Simu hupokei kamwe. Barua ya kwanza unaniambia getini pana kelele, lakini kelele ndiyo kazi yako.

Na kituo cha mabasi. Nilikuwa sitaki kuligusa hili. Siku niliyoondoka uliniwekea sanduku juu ya basi, hukusema neno, ukageuka ukaenda zako. Nilikuita dirishani mara tatu. Mara ya tatu abiria wote waligeuka, hata dereva. Wewe hukugeuka. Nikajua umenikata kwa sababu ya kazi niliyoichagua. Nimeishi na mgongo ule miaka sita.

Unasikia, kaka?

Mdogo wako

*

20 Juni

Kaka,

Shikamoo. Wiki sita zimepita bila jibu lako.

Jana nilipiga simu getini. Mlinzi akasema upo, akaenda kukuita, akarudi akasema amekuita na hukuja. Nilimuuliza kama alikushika bega. Akasema hapana, alikuita kwa mbali, ulikuwa umempa mgongo.

Nimekata simu. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako

*

28 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba.

Sikukusikia. Mungu ni shahidi yangu, pale kituoni sikukusikia. Nilikuwa nimekasirika, hilo kweli, na niligeuka haraka ili usione macho yangu. Lakini kama ningesikia jina langu ningerudi. Barua yako niliisoma nikampa wifi yako aisome, naye akaingia ndani akafunga mlango. Yeye alidhani mimi na wewe tuligombana sana. Kumbe hatukugombana kabisa.

Lilianza sikio la kushoto, mwaka wa kumi na mbili wa kazi. Fikiria umeingiza kichwa ndani ya kengele na mtu anaigonga kutwa. Mwanzoni linarudi ukilala. Baadaye halirudi. La kulia lilifuata. Sasa nasikia mlango ukibamizwa, na sauti ya wifi yako akinikaribia hapa shavuni. Mengine nasoma midomoni. Mtu akiwa na ndevu nyingi au akitafuna, nimekwisha.

Tembo ni mbaya zaidi yangu, maana yeye alikuwa ndani. Sisi wawili tukizungumza, mtu wa nje angedhani tuna hekima nyingi, kumbe kila mmoja anamngoja mwenzake amalize kukunja uso.

Kazini hawajui. Wakijua, hawaruhusu kiziwi kupanda chelezo. Mtihani ni tarehe 20 mwezi ujao. Mkufunzi anaimba kama wewe: sikiliza, baba, sikiliza. Naitikia kwa kichwa.

Wewe ni bingwa wa kazi hii. Niambie ukweli. Bila sikio, inawezekana?

Kaka yako

*

6 Julai

Kaka,

Shikamoo.

Ya kituoni yamekwisha. Nililia nusu siku na shemeji yako akapika, akaunguza, tukala hivyo hivyo. Yamekwisha.

Swali lako sikuwa na jibu lake, kwa hiyo nimelitafuta. Nilichukua nta ya mshumaa, nikaichanganya na pamba, nikaziba masikio yote mawili, nikaenda kazini siku tatu. Siku ya kwanza niliharibu kila kitu. Msimamizi alidhani naumwa, shemeji yako akadhani nimenuna. Siku ya pili nikaanza kuona vitu ambavyo miaka sita nilikuwa sivioni kwa sababu sikio lilikuwa linaniambia mapema. Siku ya tatu mshono wangu ulipita kwenye kipimo.

Nimeyaandika hapa. Yashike.

Moja, usiutazame moto. Tazama dimbwi dogo la chuma kilichoyeyuka nyuma ya moto. Likiwa duara na lina mkia mfupi kama kiluwiluwi, uko sawa. Mkia ukirefuka umekimbia. Dimbwi likitanuka na kulegea, umelala.

Pili, vidole. Moto ukiwa sawa kijiti kinatetemeka kidogo sana, kama paka anapokoroma. Ukiwa mbali, kinatulia kisha kinaruka. Vua glavu yako nene, tafuta ya ngozi laini.

Tatu, cheche. Zikiruka chache na fupi, vema. Zikiruka ndefu kila upande kama mahindi yanayokaangwa, umeme ni mkali mno.

Nne, gamba linalobaki juu ya mshono. Subiri lipoe. Likijibandua lenyewe na kujikunja, mshono chini yake ni mzima. Likiung'ang'ania mshono mpaka ulipige nyundo, kuna kitu umekificha humo.

Anza na la vidole, maana naamini mikono yako inasikia kuliko masikio ya watu wengi. Na mfundishe Tembo.

Mdogo wako

*

25 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu kwa wote.

Tuliunganisha mabamba mawili kila mtu. Wakayakata vipande vyembamba, wakavikunja kwenye mtambo mpaka ncha zikakutana. Kipande kikipasuka kwenye mshono, umeanguka. Vyangu vitatu havikupasuka. Mkufunzi akavigeuza mara mbili, akasema jambo, nikamwomba arudie, akarudia akiniangalia usoni: "Baba, umejifunzia wapi?" Nikamwambia kwa ndugu yangu, kwa posta.

Tembo alianguka. Kipande cha kwanza kilipasuka, cha pili kikapasuka, cha tatu hakutaka kukitazama. Wamempa ndoo ya maji na ndoo ya mchanga, kazi yake ni kukaa karibu na wachomeleaji na kuzima cheche zikishika kitu. Anasema ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, analipwa kwa kutazama. Sijui.

Jumatatu nimepanda chelezo. Wamenipa ubavu wa kushoto, chini, karibu na mkuku, uti wa mgongo wa meli.

Asante, mdogo wangu.

Kaka yako

*

14 Oktoba

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu kazi ilikwenda vizuri. Sasa haiendi.

Tarehe nane, saa tano asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti ndani ya ubavu wa kushoto nikimalizia mshono. Juu yangu kreni ilikuwa inaleta kipande cha sitaha. Mnyororo mmoja ukateleza na kipande kikaanza kuzunguka. Mpiga ishara, yule anayemwongoza dereva wa kreni, akapiga kelele tutoke. Hivyo anavyosema yeye, nami namwamini. Chini tulikuwa wawili tu, mimi na Tembo.

Mimi nilikuwa nalitazama dimbwi langu. Tembo hasikii hata radi, lakini kazi yake ni kutazama, na alimwona mpiga ishara mdomo wazi na mikono juu. Akaruka, akanishika mkanda wa suruali, akanitupa nje kama gunia. Kipande kikamwangukia yeye mguu wa kulia. Kesho yake waliukata chini ya goti.

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikusikia, guu limevunjika la mwenzangu.

Lakini kuna jingine. Siku ile ile msimamizi aliniuliza: ulisikia mtu akipiga kelele? Nikasema hapana. Ni kweli, sikusikia. Akaandika. Wengine walikuwa mbali, mashine za kusaga chuma zinafanya kazi, hakuna anayeweza kuapa. Tembo ana homa, na hakuna anayemuuliza mtu kama Tembo alisikia nini. Kwa neno langu moja mpiga ishara amesimamishwa kazi. Wanasema alinyamaza. Ana watoto watano, na kila siku anakuja getini kusema alipiga kelele mpaka koo likamwuma.

Kikao cha uchunguzi ni tarehe 24. Wataniuliza tena swali lile lile. Nikijibu kweli nusu, yeye anakwenda. Nikijibu kweli yote, naenda mimi.

Sisi wagonga ribiti tuliofaulu ni ishirini na mmoja. Unadhani ni wangapi kati yetu wanasikia?

Kaka yako

*

18 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Nimeituma hii kwa haraka ikufikie kabla ya kikao. Mpe Tembo pole yangu, na mkewe. Sijui pole inatosha kitu gani, lakini mpe.

Sitakuambia la kufanya. Wewe ni mkubwa wangu, na tumbo linalohitaji chakula ni lako na la wifi, mimi niko mbali.

Nitasema langu tu. Mimi ndiye niliyekufundisha kupita bila masikio. Niliziba nta, nikaona nimegundua jambo kubwa, nikajisifu kwa shemeji yako mlo mzima. Niliwaza mshono. Sikuwaza hata mara moja kwamba sikio la mtu kazini ni la kumwambia toka. Siku zile tatu nilipokuwa na nta, mwenzangu mmoja alinivuta mkono nisikanyagwe na toroli. Nilicheka. Sikukuandikia hilo, maana lingeharibu habari njema.

Kwa hiyo wakikuuliza nani alikusaidia kuficha, nitaje. Niko tayari wamwandikie msimamizi wangu.

Mdogo wako

*

12 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yako anakusalimu, goti limetulia. Barua yako ilifika tarehe 23, siku moja kabla.

Walikuwa watatu mezani, na jagi la maji. Mwenyekiti akasema, "Uliandikisha kwamba hukusikia kelele yoyote."

"Sikusikia."

"Kwa hiyo mpiga ishara hakupiga kelele."

"Alipiga."

"Umejuaje, na wewe mwenyewe hukusikia?"

"Kwa sababu mimi ni kiziwi. Wewe nakusoma mdomo. Yule mzee wa mwisho mwenye ndevu, tangu tuanze sijui amesema nini."

Wakatazamana. Mzee wa ndevu akasema jambo, na kama nilivyotangulia kusema, sijui ni nini. Wakamwita daktari. Hukutajwa. Waliuliza nilijifunzia wapi, nikasema kwa kutazama.

Mpiga ishara amerudishwa kazini. Lakini daktari hakuishia kwangu. Alileta sanduku lenye vifaa vya kupima na kuwaweka wagonga ribiti wote ishirini na mmoja kwenye chumba cha kuhifadhia rangi, mmoja mmoja. Kumi na saba hawasikii. Wote wameteremshwa kutoka kwenye chelezo siku moja. Tisa tumepewa kazi ndani ya karakana, kuunganisha mataruma, mbavu za meli, chini, mahali ambapo hakuna kitu kinachopita juu ya kichwa. Wanane hawakupata nafasi, wamekwenda nyumbani na barua ya shukrani. Kwenye chelezo sasa wanatumia taa nyekundu na bendera, hakuna tena mambo ya kupiga kelele.

Wenzangu wamenisusa. Nikikaa benchi wakati wa chakula, linabaki langu peke yangu, refu, ningeweza kulala. Mmoja wa wale wanane, ambaye nilisimama kwenye harusi yake, alinifuata mpaka nyumbani kuniambia: "Ungesema 'sikumbuki'. Neno moja tu, bwana. Yule angepona na sisi tungepona." Nililifikiria neno hilo siku nyingi. Huenda lingefaa kweli. Halikunijia pale, na sitajifanya kwamba lilinijia nikalikataa.

Mpiga ishara asubuhi ananiinulia kidole kimoja akipita. Hatujawahi kuzungumza.

Manowari imeshushwa majini juzi. Sisi wa karakana tuliruhusiwa kutazama kutoka juu ya ukuta. Ilikwenda vizuri. Haina ribiti, ubavu wake ni laini kama sahani, na ukiitazama huwezi kujua mkono wa nani umepita wapi. Mishono yangu iko chini ya maji. Walipima kwa picha za eksirei, hakuna uliorudishwa.

Tembo bado yuko hospitali. Nilikuwa naogopa kwenda. Nilikwenda Jumapili. Wodi ina vitanda kumi na vinne, yeye yuko cha katikati, amenenepa. Nilikaa, nikamtazama usoni, nikamwambia, "Nisamehe."

Akaweka mkono sikioni. "Sijakusikia."

Nikasema tena, kwa sauti. Akatikisa kichwa. Nikasimama, nikasema kwa nguvu zangu zote, mpaka muuguzi akaja mbio na wagonjwa wote wakageuka: "Nisamehe!"

Tembo akajiegemeza kwenye mto. "Nilikusoma mdomo mara ya kwanza," akasema. "Nilitaka wodi nzima isikie." Kisha akacheka mpaka akashika mguu usiokuwepo. Ndipo na mimi nikacheka, na baadaye kidogo hatukuwa tunacheka, ila tulibaki hivyo hivyo, mkono wake umeshika mkanda wangu.

Umemwandikia wifi yako kwamba mwezi ujao una likizo ya wiki mbili na mtakuja wote watatu. Kitanda kipo. Nitakuwa barazani au uani, mchana huwa nakaa uani. Ukifika usipige hodi. Ingia tu.

Kaka yako